Mama, Nimepoteza Mahali Ulipolala

Mpendwa mama,

Juzi tumemzika mdogo wako. Tulimzika alasiri, ukungu umeshashuka mpaka kwenye migomba, na kwaya ya usharika ikaimba huku nusu ya watu wakikohoa kwa baridi. Katika uzee wake wote mama mdogo aliniomba kitu kimoja tu, alazwe ubavuni kwako. Watu wote waliokuja wameondoka wakiamini hilo limefanyika. Wamenishika mkono, wakaniambia nimewatendea mema mama zangu. Mama, si kweli. Mama mdogo hayuko ubavuni kwako. Mimi sijui wewe uko wapi.

Nimeandika maneno hayo nikaweka kalamu chini, nikaenda kuchochea moto ambao haukuwa na shida yoyote. Haya, nimerudi. Ulikuwa unasema mimi nikiwa na kosa naongea sana kabla ya kulifikia, nazunguka weee mpaka mtu asahau alichokuwa ananiuliza. Leo nimeanza na kosa lenyewe. Sasa niache niongee, maana nina hamu na wewe, na humu ndani hamna mwingine wa kuongea naye.

Unakumbuka siku za gulio? Ulinitoa kitandani alfajiri kwa kunivuta mguu. "Mgosi, amka, kabichi hazina miguu." Mgosi! Mzee mzima, na mimi nina miaka saba, meno ya mbele sina. Ulijitwika tenga la kabichi na karoti, mimi nikabeba kifurushi cha figili na kulalamika njia nzima kama nimebeba nyumba. Kutoka kwetu tulipanda kwanza mpaka begani pa kilima, ndipo njia inageuka kushuka mjini. Pale begani ulikuwa unatua tenga. Hukuwahi kupita pale bila kutua, hata siku mzigo ulipokuwa mwepesi. Ulikaa chini kwenye majani yenye umande, ukanyoosha miguu, ukaangalia.

Na mji nao ulikuwa na adabu, ulijitokeza polepole. Kwanza mnara wa kanisa, kisha vigae vyekundu vya majengo ya boma, kisha mikaratusi ya barabarani, mwisho moshi wa mama ntilie wa sokoni. Ulikuwa unaniambia, "Tazama Lushoto inavyoamka. Kwanza wanaosali, halafu wanaotawala, halafu sisi wenye njaa." Ukacheka mwenyewe kwa utani wako, ukajitwika tena.

Kule chini sasa ndiyo kazi ilianza. Nilitoa shikamoo mpaka midomo ikakauka, maana ole wangu nimpite mtu mzima kimya. Wewe ulikuwa unatupa salamu zetu za asubuhi, "onga makeo", kulia na kushoto, na kila aliyeitikia ulikuwa na habari zake. Kwa mwendo huo huo ulinifundisha mji wote. Mti huu walipanda Wajerumani kwa ajili ya kivuli cha farasi wao. Nyumba ile ilikuwa ya Mgiriki aliyeogopa vinyonga. Yule mama wa mapeasi aliyekaa jirani yako, yule wa Kiislamu, mlikuwa mnalindiana mafungu: yeye akienda kuswali adhuhuri unamuuzia wewe, wewe ukienda kwenye maombi anakuuzia yeye, na mkirudi mnagombana kwa kuuziana ovyo. Halafu ule ukuta wa mawe karibu na boma. Ulikuwa ukiupita unaupiga kofi. "Jiwe hili babu yangu alilibeba kichwani kutoka mtoni. Wakikwambia mji huu umejengwa na Wazungu, waulize ni Mzungu gani aliyekuwa na kipara cha mzigo." Watu wazima waliokuwa wanapita walicheka, na mimi nikajisikia mwenye mji.

Ulipokufa nilikuwa Tanga naendesha malori. Nilifika siku ya mazishi yenyewe, mvua inanyesha, viatu vya mjini vinateleza. Nikakuta maagizo yako yameshatekelezwa. Hukutaka kulazwa kule chini karibu na babu na bibi. Ulitaka begani, pale ulipokuwa unatua tenga. Na saruji ulikuwa umeikataa. Mama mdogo alituambia maneno yako mbele ya jeneza: "Saruji ya nini? Nipandieni masale kwenye kona nne, yanatosha. Masale hayafi." Nani angebisha? Huku kwetu masale ndiyo mpaka na masale ndiyo kaburi, mtoto mdogo akiyaona anajua hapa hapalimwi. Nikasimama kwenye umati nimejifunika shali, nalia, sikuhesabu hatua kutoka njiani wala kutoka kwenye jiwe lolote. Nani anapima kaburi la mama yake kwa hatua?

Nikarudi Tanga. Nilikuwa nakuja Krismasi, nasimama hapo begani kidogo, naondoka. Kila mwaka masale yalikuwa yamezidi. Yale ya kona zako yakazaa, yakakutana na yale ya mpaka wa shamba, pakawa kichaka kimoja kinene. Nikikiona nafurahi. Najiambia, mama kajifunika vizuri. Sikuwahi kushika panga hata siku moja niyapunguze. Wazee waliochimba kaburi lako wakaondoka mmoja mmoja, na mimi sikuwahi kumuuliza hata mmoja chochote.

Mgongo uliponikatalia malori nikarudi nyumbani moja kwa moja, nikamkuta mama mdogo macho yake yameshaingia ukungu, anapika kwa kupapasa. Nikatafuta cha kufanya. Mama, nikaanza kutembeza wageni. Usicheke! Wanakuja watu kutoka Dar es Salaam, wanatoka Ulaya, wanataka kuona mji mdogo wa mlimani wenye baridi na historia. Na mimi nina nini zaidi ya mdomo wako? Nawapitisha sokoni, nawaonyesha mapeasi na karoti zilizooshwa zikang'aa, nawapeleka mpaka ukingo wa msitu wa Magamba wakapige picha vinyonga na yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye mawe yenye kivuli. Nikifika kwenye ukuta, naupiga kofi, nasema ya kipara cha mzigo. Hawajawahi kukosa kucheka. Jamaa mmoja aliniambia hajawahi kukutana na mtu anayeupenda mji wake kiasi hiki, nikavimba kichwa wiki nzima.

Safari zote zilikuwa zinaishia begani. Mama mdogo alikuwa anapika viazi, maharage na kabichi ya kukaanga na nyanya, wageni wanakula wakiangalia bondeni, wanasema jamani pazuri, jamani pazuri. Lakini ni mteremko. Sahani zilikuwa zinateleza, mzungu mmoja akafuata sahani yake mpaka kwenye migomba. Nikaamua kusawazisha sehemu kidogo, niweke mabenchi. Mahali ulipopachagua wewe kwa sababu ya macho yako, nikapachagua mimi kwa sababu ya macho ya wageni.

Mama mdogo hakukataa. Alisema neno moja tu. "Udongo ukiguswa karibu na kaburi, mtu wa nyumba anasimama kichwani pa marehemu mpaka jembe la mwisho litue. Ningekuwa na macho ningesimama mwenyewe. Simama wewe." Nilikuwa naijua desturi hiyo tangu utoto. Nikasema ndiyo mama, nitasimama.

Na nilisimama, Mungu anajua. Nilisimama tangu asubuhi mpaka kama saa nne. Vijana wanne niliowachukua Shume walikuwa wanafanya kazi kwa bidii, wanaimba. Kisha simu ikalia: kundi la wageni niliowatarajia kesho yake wameshafika, wako stendi, wanauliza mwenyeji wao yuko wapi. Nikamwita kiongozi wa wale vijana, nikamwonyesha kichaka kwa mkono tu, hivi, nikamwambia, "Hapo kwenye masale msipaguse, narudi sasa hivi." Akasema, "Usiwe na wasiwasi, mzee." Sikumwambia kuna kaburi. Niliona haya kusema kwamba mama yangu yumo kwenye kichaka na mimi nimekiacha kiwe kichaka.

Nilikwenda kwa saa moja, nikakaa mpaka alasiri. Wageni walikuwa wachangamfu, wanauliza maswali, na mimi unanijua nikipata wasikilizaji. Wakati ule, mama, nilipokuwa nimesimama kwenye ukuta wa babu naupiga kofi na watu wanacheka, ndipo walipokuwa wanakuondoa.

Niliporudi nilikuta uwanja. Tambarare, safi, umefagiwa. Wale vijana walikuwa wamewahi mvua, wakakata kingo za juu na kusukuma udongo chini, na masale waliyaacha kweli, mstari mzuri kabisa ulionyooka kule kwenye mpaka. Yaliyobaki waliona ni ya mpaka yaliyotambaa, wakayang'oa, wakayatupa lundo mteremkoni. Kiongozi wao akaniuliza, uso unang'aa kwa jasho, "Mzee, unaionaje kazi?"

Mama mdogo alikuwa anakuja na birika la chai, anapapasa njia kwa mguu. Nikasema, "Kazi nzuri." Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa, haikutetemeka. Mpaka leo sauti hiyo naichukia.

Walipoondoka nilikwenda kwenye lundo nikachagua masale manne yenye mizizi. Nikasimama katikati ya uwanja nikageuka huku na huku. Nilijaribu kukumbuka mwavuli wa mchungaji ulikuwa wapi siku ile, kwaya ilisimama wapi, mimi nilisimama wapi. Kila nilichokumbuka kilikuwa juu ya ardhi ambayo haipo tena. Nikapanda manne yangu pembeni, mahali palipoonekana panafaa. Ndivyo nilivyofanya, mama. Nilikupangia kaburi kwa kukisia, kama mtu anayechagua pa kuweka kabati.

Asubuhi mama mdogo akaja. Akainama akayashika majani.

"Mbona yamelegea?"

"Wameyakanyaga kidogo, mama. Yatashika."

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

Akapapasa udongo. "Hongera mwanangu," akasema, "dada sasa ana uwanja." Tangu siku hiyo kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anaketi pale na khanga yake mabegani, anakupa habari. Nani amejifungua, nani amehama, mahubiri yalikuwa marefu kiasi gani, mimi ninavyonenepa. Alicheka peke yake, akakaa kimya akisubiri jibu, akaendelea. Na mimi niko pale pale nawagawia wageni sahani, namwangalia anaongea na udongo mtupu. Kumbe pengine wewe ulikuwa chini ya benchi, chini ya miguu ya watu waliokuwa wanasifia hali ya hewa.

Nimekutafuta. Usidhani nilikaa tu. Mama mdogo akiwa kanisani nilichukua kipande cha nondo nikadunga uwanja wote, hatua kwa hatua, nikisikiliza mahali penye udongo laini. Mvua ya kwanza ilipopita udongo wote ukawa laini. Nilipata mizizi na mawe. Na yale masale yaliyotupwa, mama, yote yaliota. Kila kipande. Mwezi wa tatu mteremko mzima ulikuwa na masale, mgeni akiyaona atadhani tumezika ukoo mzima pale. Wewe ulisema hayafi. Na kweli hayafi, yamekataa kabisa.

Mama mdogo hakuumwa muda mrefu, kifua tu kilimbana. Alinishika mkono akasema, "Usinitupe mbali na dada." Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Akatabasamu, akasema, "Nitamkuta pale pale penye masale, pananijua." Nikafunga mdomo. Nimejitetea kwamba ilikuwa huruma. Ilikuwa woga, mama. Niliogopa afe ananijua.

Siku ya kuchimba vijana wa usharika walikuja na majembe wakasema tuonyeshe. Nikawaonyesha. Nilinyoosha mkono kama ninavyowanyooshea wageni boma, bila kusita, nikasema dada yake huyo hapo, chimbeni hapa kushoto, msikaribie sana. Halafu nikasimama kichwani. Safari hii nilisimama, sikuondoka hata kunywa maji.

Na nisamehe kwa hili nitakalosema. Walipokuwa wanachimba nilikuwa naomba jembe likugonge. Niliomba kitokee kipande cha ubao, msumari, chochote kile, watu wapige kelele, waniaibishe mbele ya usharika mzima, lakini nijue. Walichimba mpaka mtu akazama mabega. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, umeshikana. Jirani yetu seremala, aliyelitengeneza jeneza, alikuwa ameinama anaangalia. Akachukua bonge, akalivunja kwa vidole, akaja karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Mgosi, udongo huu haujafunguliwa tangu Mungu auumbe, na umesema dada yake yuko hapa hapa, hatua moja. Una hakika?"

Lilikuwa swali lililoulizwa kwa heshima. Alikuwa amenifungulia mlango kabisa, mama, nilikuwa naweza kusema hapana na yeye angejua la kufanya. Mchungaji alikuwa ameshafika. Wanawake walikuwa wanashusha jeneza njiani.

"Nina hakika," nikasema.

Akanitazama kidogo, akalitupa lile bonge chini, akaenda kushika kamba.

Basi ndivyo ilivyo. Jana wazee wa usharika walikuja kunipa pole, wakasema wanakwaya wamejitolea kuyajengea makaburi yenu mawili, wataweka majina, maana wageni wanapita pale na ni vizuri wajue watu wa kale wa mji huu. Ulikataa saruji na mimi nimesema asanteni. Ningekataa wangeuliza kwa nini. Jina lako litaandikwa juu ya mahali ambapo hukuwahi kulala, na watu wataweka maua, na mimi nitashika ndoo ya maji wakati wanakoroga.

Simu inalia tangu jana, kuna watu wako Soni wanapanda huku, wanataka kutembezwa. Sipokei. Nikipanda begani mji uko pale pale, mnara, vigae, moshi, na ni mzuri, mama, ni mzuri mpaka nakasirika. Nilidhani nikijua jiwe gani nani alilibeba basi mimi ni mtunzaji wa mji huu. Najua alipolala Mgiriki. Najua walipozikwa farasi. Mama yangu sijui, na nilikuwa nimepewa kazi moja, ya kusimama.

Mdogo wako yuko peke yake pale, anakusubiri ujibu. Sijui kama kule mliko mtu anaweza kumwendea mwenzake, au kila mmoja anakaa alipowekwa. Kama unaweza, mwendee. Usimwambie ni mimi. Au mwambie, nimechoka.

Lala, mama. Ningesema nitakuja kukuona Jumapili, lakini sijui niende wapi.

Ni mimi mwanao, Mgosi wako.